Je, Wajua? Thaddeus Stevens, Wakili Aliyegeuka Mwiba kwa Wenye Watumwa

Je, wajua kwamba Thaddeus Stevens, mbunge aliyechukiwa mno na wenye watumwa wa Marekani, aliwahi kusimama mahakamani upande wao, tena akashinda? Ilikuwa mwaka 1821, jimboni Pennsylvania. Mwanamke aitwaye Charity Butler alidai uhuru wake, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo ilimfanya huru mtumwa yeyote aliyeletwa humo na kukaa miezi 6. Charity alikuwa ameletwa mara kwa mara, na siku zake zikijumlishwa zilivuka miezi hiyo. Stevens, akimwakilisha mmiliki, akashikilia neno moja: miezi hiyo lazima ifuatane bila kukatika. Mahakama Kuu ya jimbo ilimkubalia. Charity akabaki mtumwa.

Kesi hiyo ni doa, na haifai kufichwa. Lakini wakili huyohuyo baadaye aliwatetea watumwa watoro bila kudai malipo, na mwaka 1838 alikataa kutia sahihi katiba mpya ya Pennsylvania kwa sababu iliwanyima watu weusi haki ya kupiga kura.

Je, wajua kwamba aliokoa shule za umma? Alizaliwa Vermont mwaka 1792 akiwa na mguu uliopinda, akalelewa katika umaskini, na elimu ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1835, wajumbe wengi wa bunge la Pennsylvania walipotaka kufuta sheria ya shule za bure iliyokuwa na mwaka mmoja tu, alisimama akaitetea kwa hotuba iliyowageuza wengi wao. Sheria ikabaki. Kwangu mimi, hili pekee lingetosha kumkumbuka.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliongoza kamati ya fedha ya Bunge la Wawakilishi la Marekani, iliyotafuta pesa za kuendeshea vita. Mwezi Juni 1863 askari wa majimbo ya Kusini, yaliyotetea utumwa, walikichoma kiwanda chake cha chuma cha Caledonia, karibu na Gettysburg, kwa makusudi kabisa. Hakulegeza kamba. Alipigania Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, kisha ya 14, yaliyowapa uraia watu weusi. Mwaka 1868, akiwa mgonjwa hata akibebwa kwenye kiti kuingia bungeni, alikuwa mstari wa mbele kumshtaki Rais Andrew Johnson, aliyenusurika katika Seneti kwa kura moja.

Alifariki Agosti 11 mwaka huohuo. Alikuwa amechagua azikwe Lancaster katika makaburi madogo yasiyobagua rangi, akaagiza sababu hiyo ichongwe kwenye jiwe la kaburi lake. Na wanachama wa Republican wa Lancaster, wakijua fika kwamba amekufa, walimpitisha tena kuwa mgombea wao wa ubunge.