Baiskeli ya kuteremkia milima: Mwenye fedha chache anunue ipi?

KATIKA maduka ya baiskeli za mitumba mijini, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, ipo aina moja ya baiskeli ambayo haikosi kuvuta macho ya vijana. Ina matairi mapana, fremu nene yenye rangi za kung'aa, shokapu mbili mbele na springi kubwa chini ya kiti. Muuzaji ataisifu kuwa ni ya milimani, na bei yake, baada ya mnunuzi kuomba apunguziwe, huwa inafikika.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni kama baiskeli hiyo inaweza kuteremka mlima kwa kasi, juu ya mawe na mizizi, bila kumwangusha mwenyewe. Mara nyingi haiwezi. Na kwa kuwa anayeteremka njia ya mawe huweza kufikia kilomita 40 au 50 kwa saa akiwa amevaa fulana tu, kosa la mnunuzi hulipwa kwa mfupa.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji mwenye fedha kidogo anayevutiwa na mchezo huu, ili ajue aina za baiskeli zilizopo mbele yake na mahali pa kuangalia kabla hajafungua pochi.

Mchezo wenyewe ulianza kwa makuukuu. Tarehe 21 Oktoba 1976, kundi la vijana lilikusanyika juu ya mlima ulio karibu na mji wa Fairfax, jimbo la California nchini Marekani, wakashindana kuteremka njia ya vumbi inayoshuka kiasi cha mita 400 katika umbali wa kilomita tatu hivi. Baiskeli zao zilikuwa za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene na breki iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile inayofanya kazi kwa kurudisha pedali nyuma. Breki hizo zilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, na baada ya mteremko ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza tena. Kwa hiyo tangu mwanzo tatizo kubwa la mteremkaji lilikuwa kusimama.

Baiskeli halisi ya mteremko ya siku hizi ni chombo maalumu mno. Foku yake, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, hushikwa juu na chini ya shingo ya fremu kama ilivyo katika pikipiki. Magurudumu yote mawili huweza kupanda na kushuka kiasi cha milimita 200. Foku imelala kwa pembe ya nyuzi 63 hivi, ili gurudumu la mbele likae mbali na mwendeshaji asije akarushwa juu ya usukani kwenye mteremko mkali. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 15 na 18. Ikiwa mpya, hugharimu maelfu ya dola za Marekani, na hapo usafiri na ushuru havijahesabiwa.

Zaidi ya hayo, baiskeli ya namna hii haikutengenezwa ipande mlima. Katika maeneo kama Whistler nchini Kanada, ambako uwanja wa baiskeli ulifunguliwa mwaka 1999, mwendeshaji hubebwa hadi juu na viti vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, vile vile vinavyobeba watelezaji wa theluji wakati wa baridi. Anayeishi Arusha au Nairobi hana viti hivyo. Akitaka kuteremka mabega ya Mlima Meru au vilima vya Ngong, itambidi apande kwa miguu yake mwenyewe au akodi pikapu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ndilo swali la kwanza la mnunuzi, kabla hata ya bei: utafikaje juu?

Tuanze na ile baiskeli ya madukani yenye springi mbili. Springi ikibonyezwa hutaka kurudi kwa nguvu ile ile iliyobonyezwa nayo. Katika shokapu ya kweli yamo mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu membamba, nayo huchelewesha marejeo hayo. Katika shokapu ya bei poa mara nyingi hamna mafuta yoyote ya kazi hiyo. Ikigonga jiwe inabonyea, kisha inamrusha mwendeshaji juu kama mtoto anayeruka kitandani, na jiwe la pili linamkuta akiwa bado hewani.

Jaribio lake ni jepesi. Bonyeza kiti kwa uzito wako wote, kisha uachie ghafla. Ikiwa sehemu ya nyuma inaruka na kugonga, hapo pana springi tupu. Tazama pia kama fremu ina kibandiko chenye namba. Watengenezaji wengi hutumia madaraja kuanzia 1 hadi 5: namba 1 ni ya barabara za lami, namba 3 ni ya njia za mashambani zenye miruko midogo isiyozidi sentimita 60 hivi, na namba 5 ndiyo ya miruko mikubwa na miteremko mikali. Baadhi ya hizi zinazoitwa za milimani zina kibandiko kinachokataza kuruka nazo, lakini hakuna anayekisoma.

Chaguo la pili linaweza kumshangaza msomaji. Ni baiskeli halisi ya mteremko, ila ya zamani, iliyotengenezwa kati ya miaka ya 2000 na mwaka 2013 hivi. Wakati huo karibu zote zilikuwa na magurudumu ya inchi 26. Baadaye viwanda vikahamia inchi 27.5, na mwaka 2017 Greg Minnaar wa Afrika Kusini aliposhinda mashindano ya Kombe la Dunia huko Fort William, Uskochi, akitumia magurudumu ya inchi 29, za zamani zilionekana kupitwa na wakati. Thamani yake ikaanguka, ingawa chuma chake ni kile kile.

Mteremkaji wa Ulaya huikimbia baiskeli ya inchi 26 kwa kuwa matairi mapya ya ukubwa huo yamekuwa haba madukani kwake. Huku kwetu tyubu ya inchi 26 ipo karibu katika kila kijiwe cha fundi. Ni kweli kwamba matairi yenye kuta nene za mteremko ni adimu, na anayeyapata afadhali anunue mawili zaidi ayaweke, lakini hawezi kukwama njiani kwa kukosa tyubu.

Hata hivyo, baiskeli iliyotumika miaka kumi na mitano huwa na historia ambayo muuzaji haijui, na pengine hataki kuijua. Safisha matope kwanza. Kagua viungo vya kuchomelea nyuma ya shingo ya fremu, chini ya bomba la chini, na pande zote za egemeo la mkono wa nyuma. Ufa wa aluminiamu huanza kama unywele au mchirizi katika rangi. Pitisha kitambaa cha pamba taratibu, kikinasa simama hapo uangalie tena. Fremu ya aluminiamu iliyokwisha kuchomelewa upya kijiweni iachwe kabisa, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu moto wa kuchomelea hulegeza nguvu ambayo kiwanda kiliitia kwa kuipika fremu katika tanuri, na fundi wa mtaani hana tanuri hilo.

Mabomba yanayong'aa ya foku yawe laini. Mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha utakata sili, na mafuta yatavuja. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia: likicheza, beringi zimekwisha. Hizo si jambo la kukatisha tamaa, maana nyingi hupatikana kwa namba katika maduka ya beringi za magari na mashine.

Kuhusu springi ya nyuma, soma maandishi yake. Ikiandikwa 400 x 3.00, maana yake ni kwamba huhitaji ratili 400 kuibonyeza inchi moja, na inaweza kubonyea inchi tatu. Springi iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kilo 95 haitamsaidia kijana wa kilo 60, ataona kana kwamba amekalia jiwe. Mwendeshaji anapokalia baiskeli tu, shokapu yapasa ibonyee kama theluthi moja, au pungufu kidogo. Zipo pia shokapu za upepo, ambazo hurekebishwa kwa pampu maalumu. Ni nyepesi, lakini sili ikifa njiani nyumbani ni mbali. Kwa asiye na fundi wa shokapu karibu, springi ya chuma ni salama zaidi.

Breki ndizo zenye kesi kubwa kuliko zote. Baiskeli ya mteremko huwa na breki za diski zinazosukumwa na mafuta. Bana mkono wa breki: ukifika kwenye usukani, au ukiwa laini kama sifongo, ndani mna hewa au sili imechoka. Diski nyingi huanza na unene wa milimita 1.8 hivi, na zikifikia 1.5 hazifai tena.

Kosa linaloua breki hizi mara nyingi ni la kijiweni. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini, ilhali za Hope na nyingi za zamani za Avid hutumia mafuta ya aina ya DOT, kama ya gari. Fundi mwenye nia njema akitia mafuta ya breki ya gari ndani ya Shimano, mpira wa sili huvimba na kuharibika, na breki inaweza kukataa baada ya siku chache, pengine katikati ya mteremko. Aina ya mafuta huandikwa kwenye mkono wa breki au kifuniko chake. Msomee fundi kabla hajafungua chupa.

Mnunuzi asihangaike sana na gia. Mwaka 2015 huko Leogang, Austria, Mmarekani Aaron Gwin alikatikiwa mnyororo mara tu alipotoka katika lango la kuanzia. Aliteremka njia nzima bila kukanyaga, na bado alishinda shindano hilo la Kombe la Dunia. Breki zingemkatikia, habari ingekuwa nyingine.

Chaguo la tatu ni baiskeli yenye shokapu ya mbele tu, ya milimita 120 hadi 150, breki za diski za mafuta na fremu imara isiyo na viungo vya kuchezacheza nyuma. Haivutii macho kama hizo nyingine, na mgongoni itakuchosha kwenye mawe. Lakini inapanda mlima, sehemu za kuharibika ni chache, na fedha ambazo zingeingia katika shokapu ya nyuma huingia katika breki na matairi. Asiye na pikapu wala rafiki mwenye pikapu anunue hii. Ile kubwa ya zamani imfae mwenye usafiri, fundi anayemwamini, na akiba ya matengenezo isiyopungua robo ya bei aliyonunulia.

Katika bajeti hiyo hiyo iwemo helmeti inayofunika hadi kidevu, nayo iwe mpya. Povu lililo ndani yake hubonyea linapomeza kishindo na halirudi kama lilivyokuwa, na kwa nje ganda linaweza kuonekana zima kabisa. Muuzaji wa mtumba hawezi kukuambia aliyeivaa kabla yako alianguka mara ngapi.