Kinasa cha runinga: mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Desemba 18, 2022, saa 12 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Argentina na Ufaransa zilianza fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa Lusail nchini Qatar. Aliyekuwa zamu kazini jioni ile, akaseti king'amuzi chake kirekodi kuanzia saa 12 mpaka saa 2 usiku kwa hesabu kwamba mpira ni saa mbili, aliambulia nusu ya hadithi. Kipindi cha kwanza kiliongezwa dakika saba, cha pili nane. Saa 2 ilipofika matokeo yalikuwa 2-2, Kylian Mbappé akiwa amesawazisha kwa mabao ya dakika ya 80 na ya 81, na king'amuzi kikaacha kurekodi kama kilivyoamriwa. Bao la Messi la dakika ya 108, penalti ya Mbappé ya dakika ya 118, mguu wa kipa Emiliano Martínez uliomnyima Kolo Muani bao, na mkwaju wa Gonzalo Montiel uliomaliza kazi, vyote vilibaki nje.

Watu wanaouliza madukani bei ya kinasa, yaani kifaa cha kurekodi matangazo ya runinga, huanza na ukubwa wa diski. Ni swali halali, lakini haliwezi kuwa la kwanza. La kwanza ni nani nyumbani anataka kuona nini, na kwa nini hawezi kukiona saa kinaporushwa. Familia yenye muuguzi wa zamu za usiku ina haja yake; yenye watoto wanaogombea katuni na baba anayetaka taarifa ya habari ina haja nyingine; mzee anayefuatilia tamthilia moja tu jioni ana haja ndogo kabisa, na asikubali kuuziwa mtambo wa bei mbaya.

Waliokuwa na deki sebuleni miaka ya 1980 na 1990 wanaijua raha hii. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, JVC ikafuata na VHS mwaka 1976, na studio za filamu za Marekani zikaingiwa hofu. Universal na Disney ziliishtaki Sony, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Mwaka 1999 kampuni mbili za huko huko Marekani, TiVo na ReplayTV, ziliondoa mkanda na kuweka diski ya kompyuta mahali pake. TiVo ndogo ya wakati ule ilibeba saa 14 tu za picha, ila ilileta jambo ambalo deki haikuliweza: kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, kwenda kufungua mlango, kisha kurudi na kuendelea palipoachwa.

Huku kwetu njia ilifunguliwa na kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa Desemba 31, 2012. Kenya ilifuata mwaka 2015 baada ya mvutano mkali mahakamani na vituo vikubwa kutoonekana hewani kwa majuma kadhaa. Watu walilalamikia gharama ya ving'amuzi, na walikuwa na haki. Lakini ndani ya kile kiboksi mlikuwa na zawadi ambayo wengi hawakuambiwa. Matangazo ya dijitali hufika yakiwa tayari ni mkondo wa tarakimu uliobanwa, kwa hiyo kurekodi ni kuumimina mkondo ule kwenye diski ulivyo. Mkanda wa deki ulichuja rangi kila uliponakiliwa. Kipindi kilichorekodiwa kwenye king'amuzi kinaonekana sawasawa na kilivyorushwa.

Ndiyo maana mtu mwenye king'amuzi cha kawaida huenda hana haja ya kununua kitu kipya. Ageuze kiboksi chake aangalie nyuma au ubavuni kama kina tundu la USB, kisha aingie kwenye menyu atafute neno la kurekodi. Vingi vya matangazo ya bure vya miaka ya karibuni vinarekodi vikichomekwa flashi au diski ya nje. Hapa pana mtego mmoja wa kibiashara unaohitaji kusemwa waziwazi: herufi PVR zikiandikwa kwenye boksi la king'amuzi cha bei nafuu, mara nyingi maana yake ni kwamba kinaweza kurekodi ukikipa diski. Diski yenyewe haimo. Mnunuzi anafika nyumbani, anabonyeza kitufe chekundu cha rimoti, na runinga inamjibu kwamba hakuna kifaa cha kuhifadhia.

Sasa hesabu ya ukubwa, na ni hesabu anayoweza kuifanya yeyote. Chaneli ya picha angavu (HD) inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa. Chaneli ya kawaida ya megabiti 2 au 3 hula gigabaiti moja hivi. Kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 inabeba mechi nne za picha angavu zikiwa na mapumziko yake, au tamthilia ya jioni ya karibu mwezi mzima ikiwa kila kipande ni saa moja ya picha ya kawaida. Diski ya terabaiti moja inameza zaidi ya saa 270 za picha angavu. Nani nyumbani atapata muda wa kutazama saa 270? Kwa nyumba nyingi gigabaiti 64 au 128 zinatosha, mradi kuna mtu anayefuta vilivyokwisha kuonwa.

Afadhali fedha iliyobaki iende kwenye ubora wa diski yenyewe. Masoko yetu yamejaa flashi za bandia zilizoandikwa terabaiti moja na kuuzwa kwa bei ya mkate na soda. Ndani yake mna nafasi ya gigabaiti chache tu, zikijaa picha mpya zinafuta za zamani au zinaharibika. Diski za nje za kuzunguka nazo zina shida yao, kwa kuwa tundu la USB la king'amuzi hafifu halitoi umeme wa kutosha. Diski inatoa sauti ya tik-tik na haionekani kwenye menyu. Mwenye kuisikia sauti hiyo atafute diski yenye waya wake wa umeme. Tena kuna suala la mfumo wa diski: ule wa FAT32 haukubali faili moja lizidi gigabaiti 4, hivyo mechi hugawanyika vipande viwili au vitatu. Vipande hivyo havina madhara, lakini humshtua asiyejua akadhani dakika zake zimepotea.

King'amuzi kikiomba ruhusa ya kuiandaa diski upya, kila kilichokuwemo kinafutika. Picha za harusi ya dada zisiwe humo.

Jambo linalofuata ndilo linalotenganisha kifaa cha bei nafuu na cha bei kubwa, nalo ni idadi ya vipokezi vya mawimbi ndani ya kiboksi. Chenye kipokezi kimoja kinashika masafa mamoja kwa wakati mmoja. Tanzania, TBC na ITV zote huweka taarifa yao kuu ya habari saa 2 usiku; Kenya, saa 1 jioni chaneli kubwa karibu zote ziko kwenye habari za Kiswahili. Anayetaka kutazama moja na kurekodi nyingine anahitaji vipokezi viwili, isipokuwa chaneli hizo mbili ziwe zinarushwa kwenye masafa mamoja. Hii ya mwisho haitajwi sana na wauzaji. Kwenye antena ya kawaida chaneli nyingi husafiri pamoja kama abiria wa basi moja, na vipo ving'amuzi vya kipokezi kimoja vinavyokuruhusu kurekodi abiria mmoja huku ukimtazama mwenzake. Ni kitu cha kujaribu kabla ya kuamua kwamba kiboksi ulichonacho hakikutoshi.

Vya kulipia vyenye vipokezi kadhaa na diski ya ndani vipo, na mfano unaojulikana zaidi ni Explora ya DStv iliyotoka mwaka 2013 ikiwa na diski ya terabaiti 2. Sehemu kubwa ya diski hiyo hutengwa kwa ajili ya filamu na vipindi ambavyo kampuni yenyewe inavishusha kupitia dishi, na mteja hupata kinachobaki. Raha ya vifaa vya aina hii ni kubwa: unachagua tamthilia mara moja, na kila kipande kinarekodiwa bila kuguswa tena. Lakini kwa kinasa cha kulipia chochote, muuzaji aulizwe maswali mawili, na ajibu wazi. Je, kuna ada ya kurekodi juu ya kifurushi? Na kifurushi kikiisha, vilivyokwisha kurekodiwa vitafunguka?

Maswali hayo yanatupeleka kwenye kufuli. Matangazo ya kulipia yakirekodiwa hufungwa kwa siri inayotambuliwa na kiboksi kile kile. Diski ukiihamishia kwa jirani haisomi, na kiboksi kikifa, maktaba yako inazikwa nacho. Runinga za kisasa zinazorekodi zenyewe kupitia USB nazo kwa kawaida hufunga rekodi zake namna hiyo: zinachezwa kwenye runinga ile tu iliyorekodi. Ving'amuzi vingi vya bure, kinyume chake, huacha faili wazi ambalo kompyuta yenye programu ya VLC inalifungua bila taabu. Kwa anayerekodi mpira auone na kuufuta, tofauti hii haina uzito. Kwa familia ambayo kwaya ya mtaani kwao imeonyeshwa Jumapili, au babu yake amehojiwa kwenye kipindi cha asubuhi, tofauti hii ndiyo kila kitu. Kumbukumbu kama hiyo inastahili faili lililo wazi, nakala yake kwenye kompyuta, na nyingine kwa ndugu aliye mbali.

Rekodi hizo ni za nyumbani. Kuziwasha kwenye kibanda umiza kwa kiingilio ni biashara, na biashara ya matangazo ya mtu ina sheria zake.

Halafu kuna saa. Mswahili anasema taarifa ya habari ni saa 2 usiku, lakini king'amuzi hakijui Kiswahili cha saa: kwake ni 20:00. Anayeandika 02:00 kwenye menyu anarekodi marudio ya usiku wa manane, na asubuhi anamlaumu fundi. Zaidi ya hapo, king'amuzi kipya kinaweza kuwa bado kinafuata saa za London, nyuma yetu kwa saa tatu au mbili kutegemea majira. Kabla ya kuseti chochote, saa iliyo kwenye kioo cha runinga ilinganishwe na ya simu. Na kwenye mpira, iongezwe saa moja nzima baada ya mwisho uliotangazwa. Gigabaiti tatu na ushee hazina thamani ya penalti za fainali.

Umeme nao una la kusema. Kinasa hakirekodi kikiwa kimechomolewa, kwa hiyo lazima kiachwe taa nyekundu ikiwaka, hata wenyeji wakiwa safarini. Kifaa kinachokula wati 15 muda wote hutumia karibu yuniti 11 za LUKU kwa mwezi. Namba ya wati imeandikwa kwenye kibandiko cha chini, na inafaa isomwe dukani. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, vifaa vingine huokoa sehemu iliyotangulia na vingine hupoteza faili zima. Diski za kuzunguka huumia zaidi kwa kukatiwa ghafla. Katika mtaa wa umeme wa kusuasua, UPS ndogo, yaani betri ya akiba, itakufaa kuliko kutoa fedha ya kuongeza terabaiti ya pili.

Wapo wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu kiko mtandaoni, na wana hoja: TiVo yenyewe iliacha kuuza vinasa vyake mwaka 2025. Lakini huko Marekani iliko TiVo, intaneti ya waya kwa kawaida hailipiwi kwa kila gigabaiti. Kwa familia inayonunua bando, saa moja ya picha angavu mtandaoni ni gigabaiti kadhaa zinazotoka mfukoni, na saa hiyo hiyo iliyorekodiwa kutoka kwenye antena haikugharimu hata megabaiti moja. Aidha, vipindi vingi vya redio na runinga zetu vikisharushwa havipatikani tena popote.

Kwa nyumba nyingi za Kitanzania na za Kenya, basi, chaguo zuri ni king'amuzi cha bure chenye USB pamoja na flashi halisi ya gigabaiti 64 au 128. Kinasa cha kulipia chenye vipokezi viwili kinawafaa wale ambao tayari wanalipia kifurushi kila mwezi bila kukosa na ambao ndani ya nyumba moja kuna watazamaji wawili wasioafikiana.

Na ukienda kununua, beba flashi yako mwenyewe. Omba king'amuzi kiwashwe palepale, rekodi dakika tano, badilisha chaneli kikiwa kinarekodi, chomoa umeme kisha urudishe, halafu cheza ulichorekodi. Muuzaji akikataa, nenda duka linalofuata.