Ngano Inapolala

Saa nane usiku mita ya ampea ya roli ya kwanza ilipanda, ikashuka, ikapanda tena na kugoma kushuka. Nilipofungua mlango wa chekeche nikakuta nyavu zimezibwa na kitu kama uji ulioanza kukauka. Tulisimamisha kinu, tukakwangua mpaka adhana ya alfajiri. Zamu yangu haikuwa imekosea chochote. Kosa lilifanyika usiku uliotangulia, na mwenyewe wakati huo alikuwa kwake, shuka hadi kichwani.

Hivyo ndivyo ulivyo mtambo wa kulowanisha ngano. Mashine nyingine ukizikosea zinapiga kelele papo hapo. Huu unapokea kosa lako kimyakimya, unaliweka, kisha unamkabidhi mtu wa zamu ya kesho.

Wengi hushangaa kusikia ngano inatiwa maji kabla ya kusagwa. Si tunaanika nafaka ikauke, ndiyo tuipeleke mashineni? Kwa kuhifadhi, ni kweli. Kwa kusaga unga mweupe, mambo ni mengine. Punje ya ngano ina pumba kama asilimia 14, kiinitete asilimia 2 hadi 3, na iliyobaki ni nyama nyeupe, ambayo ndiyo unga. Ikiwa kavu, tuseme ina unyevu wa asilimia 11, pumba yake huwa kama jani lililokaushwa na jua: roli ikiigusa tu inapasuka vipande vidogo vidogo visivyochujika, na unga unatoka na madoa. Ikipewa maji na muda, pumba inakuwa kama ngozi, inabanduka kwa mapande mapana, na nyama ya ndani inalegea na kusagika bila kulazimishwa. Mama anayetwanga mahindi kwenye kinu cha mti hahitaji kuelezwa haya. Kabla ya kukoboa ananyunyiza maji, anachanganya kwa mkono, anasubiri kidogo, ndipo anashika mchi.

Tofauti yetu na yule mama ni saa. Mahindi hutaka dakika tu, kumi au ishirini, kwa sababu tunachotafuta ni ganda na kiinitete vibanduke. Kwenye ngano tunataka maji yafike hadi katikati ya punje, nayo hayana haraka: huingia kwanza upande wa kiinitete, kisha yanatambaa kuelekea ncha ya pili. Ngano laini ya biskuti hulala saa 6 hadi 12. Ngano ngumu ya mkate hulala saa 16 hadi 24, na ile ngumu zaidi hulowanishwa mara mbili, maana maji yote ikipewa kwa mkupuo haiyapokei.

Kabla ya kufungua bomba kuna hesabu, na hapa nimeona watu wenye vyeti wakiteleza. Una tani moja yenye unyevu wa asilimia 11, unataka ifike asilimia 16. Anayekurupuka anasema: imepungua tano, na asilimia tano ya kilo 1,000 ni lita 50. Anamimina, kisha anapata asilimia 15.2, anaanza kulaumu kipimo. Amesahau kwamba maji aliyoongeza nayo yameingia kwenye uzito. Chukua uzito wa ngano, zidisha kwa tofauti ya unyevu, halafu gawanya kwa mia toa unyevu unaoutaka. Yaani 1,000 mara 5, gawanya kwa 84: lita 59.5. Kinu kinachopokea tani 10 kwa saa kitahitaji lita 595 kila saa.

Hapa pia ndipo tajiri huanza kutabasamu, kwa kuwa maji ni rahisi kuliko ngano na unga unauzwa kwa kilo. Sina ugomvi na faida hiyo kwa kiasi chake. Lakini unga ukishavuka asilimia 14 hivi, unaanza kualika ukungu, na kwa joto la pwani mwaliko huo haukawii kujibiwa.

Mtambo wenyewe, ukiutazama, hauna makuu. Juu kuna mizani inayopima ngano inayoteremka kwa saa. Pembeni kuna sensa ya unyevu, na kompyuta inayosoma vyote viwili na kuamuru valvu ifunguke kiasi gani. Maji yanapita kwenye chujio na mita, yanaingia kwenye pipa refu lililolala, ambamo mhimili wenye mapanga unazunguka kwa kasi na kuibana ngano ukutani ili kila punje ipate sehemu yake. Vinu vya zamani vina parafujo ya kawaida iliyoinama, na mita ya maji ni bomba la kioo lenye kijiwe kinachoelea. Kutoka hapo ngano inapandishwa kwenye vihenge vya kulalia. Ikiamka, inanyunyiziwa tena maji kidogo sana, asilimia 0.3 hadi 0.5, nusu saa hivi kabla ya kufika kwenye roli, ili pumba peke yake irudie kulainika.

Sasa turudi kwenye usiku ule wa kosa. Sensa ya unyevu ilikuwa mbovu kwa wiki nzima, kwa hiyo maji yalikuwa yanaendeshwa kwa mkono: lita 595, hayabadiliki. Katikati ya usiku kipande cha gunia kilinasa kwenye mlango wa kuteremshia ngano, na tani 10 zikawa 6. Mtambo ulikuwa na swichi ya usalama, ulimi wa bati unaosukumwa na ngano. Ngano ikikatika, ulimi unaanguka na maji yanafunga. Lakini ngano haikukatika. Ilipungua tu, na ulimi ukaendelea kusukumwa. Piga hesabu: kilo 6,000 zenye asilimia 11 zikipewa lita 595 zinafika asilimia 19. Ngano ya asilimia 19 haisagiki. Inapondeka.

Mwenzangu hakuwa amesinzia, na huo ndio uchungu wake. Alitazama skrini kila baada ya nusu saa, akaandika daftarini "595", akaweka saini. Na kweli lita 595 zilitoka. Mita ya maji inajua maji tu. Haijui yamekutana na ngano kiasi gani. Tangu hapo sikubali daftari la zamu lenye safu ya maji isiyokuwa na safu ya tani pembeni yake, na ya tatu inayogawanya maji kwa tani. Lita 59 au 60 kwa tani, endelea. Ikisoma 75, acha kuandika, panda ngazi ukaangalie. Usiku ule ingesoma 99.

Mita nayo inahitaji kukaguliwa, na kifaa chake ni ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Kwa lita 595 kwa saa, ndoo inajaa kwa dakika mbili na sekunde moja. Ikichukua dakika mbili na nusu huku skrini ikishikilia 595, kuna mtu anadanganya, na si ndoo. Na ukaguzi huo usiachwe, kwa kuwa maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi. Hujenga gamba kwenye pua za kunyunyizia na kukwaza valvu, polepole, kiasi kwamba hakuna siku utakayosema leo ndiyo imeharibika.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wageni wa kazi hii. Ngano ikitoka tu kwenye pipa la kulowanishia, kijana anachota kopo, anaweka kwenye kipima unyevu cha umeme, anasoma asilimia 18, anapunguza maji. Kashaharibu. Vipima hivyo huhisi umeme unavyopita kwenye punje, na wakati huo maji yote yako juu ya ganda, hivyo vinasoma zaidi ya ukweli. Katika saa hizo za mwanzo iamini hesabu. Kipimo cha umeme kifanye kazi yake baada ya ngano kulala, na mara kwa mara kilinganishwe na jiko la maabara: gramu 5 za ngano iliyosagwa, nyuzi 130, saa mbili. Zikibaki gramu 4.2, unyevu ulikuwa asilimia 16. Jiko halina haraka wala upendeleo.

Mafundi wa zamani wana kipimo chao. Wanachota punje chache mlango wa chini wa kihenge, wanauma moja kwa meno ya mbele. Iliyolala vizuri inakubali, inagawanyika bila mlio mkali, kama jibini gumu. Ikilia "ka!" ndani bado ni kavu. Ikinata kwenye jino, imezidi. Nimewahi kumcheka mzee mmoja kwa mtindo huu, kisha jiko likathibitisha maneno yake kwa tofauti ya nusu asilimia tu. Sikucheka tena, ingawa sishauri mtu aendeshe kinu kwa meno.

Hata maji yakiwa sawa, bado hujui ngano imelala kwa muda gani. Jaribu hivi nyumbani: chukua faneli kubwa ya kumiminia mafuta, ziba chini kwa kidole, jaza mchele, na juu kabisa tandaza choroko. Achia. Ungetarajia mchele wa chini utoke wote kwanza. Badala yake shimo linachimbika katikati, na choroko zilizoingia mwisho zinatoka miongoni mwa za mwanzo, huku mchele wa pembeni umeng'ang'ania ukuta. Kihenge chenye mlango mmoja chini hufanya vivyo hivyo. Karatasi inasema saa 24, lakini punje zilizopita katikati zimelala saa 6 na zile za ukutani siku tatu, na zote zinakutana kwenye roli moja. Ndiyo maana vihenge vizuri hutengenezwa na milango mingi chini, ili ngano ishuke yote kwa pamoja. Asiyekuwa navyo ajaze kihenge kimoja, akifunge, na ahesabu saa kuanzia punje ya mwisho ilipoingia. Wengi huhesabu kuanzia ya kwanza.

Punje za ukutani zina shida zake, na joto huzizidisha. Katika nchi za baridi ngano hupashwa moto ili maji yaingie upesi; hata kwetu, kinu kilichoko Arusha au Eldoret asubuhi ya Julai kitaona ngano inachelewa. Pwani joto tunapewa bure, na kuvu nao wanapewa bure. Ngano yenye asilimia 16 ikisahauliwa kwenye kona ya kihenge inanuka uchachu, na nimekuta mahali imeota ukungu. Ukoko unaojijenga ndani ya pipa la kulowanishia ni vivyo hivyo: ukwanguliwe kila wiki, mashine ikiwa imezimwa na kufungwa kufuli, si kuzimwa tu.

Kwa hiyo kinu hakisimamishwi ghafla. Anayetaka kusimama Jumapili anafunga maji Jumamosi, ili vihenge vitoke vitupu. Kwa Krismasi ni kazi nyepesi, tarehe iko ukutani. Idi ndiyo hutupa mtihani, kwa maana mwezi hauandami kwa ratiba ya kinu. Ukilowanisha ngano ya mkate jioni ya ishirini na nane ya Ramadhani na mwezi ukaonekana kesho yake, vijana wote wako kwenye pilau na wewe una tani 200 zinazochacha. Usipolowanisha, na mwezi usionekane, siku nzima roli zinazunguka tupu.

Tulichoamua ni kuiacha ngano laini iwe ya mwisho. Siku ya ishirini na nane tunafunga maji ya ngano ngumu, ya ishirini na tisa tunasaga ile iliyokwishalala, na pipa la kulowanishia linakaa limeoshwa, likisubiri. Tukishafuturu, redio inawekwa karibu na kioo cha kuendeshea mitambo. Mwezi ukitangazwa, tunazima taa. Usipotangazwa, saa tatu usiku tunafungua maji, na saa tatu asubuhi ya thelathini tunasaga unga wa biskuti.