Kompyuta Inapokosa Mtandao Baada ya Kusasishwa

Shule moja ilikuwa na kompyuta moja tu, nayo iliwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ijumaa moja asubuhi mwalimu mkuu alitaka kutuma majina ya watahiniwa wa darasa la saba. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na muda ulikuwa unakwisha saa kumi alasiri. Jana yake kompyuta ilifanya kazi vizuri. Usiku ilijisasisha yenyewe. Asubuhi iliwaka kama kawaida, lakini haikuonyesha mtandao wowote.

"Kompyuta imekufa. Tununue nyingine," alisema mwalimu mmoja.

Mwalimu wa Sayansi hakukubali upesi. Aliuliza, "Ni kitu gani kilichobadilika tangu jana?" Swali hilo ndilo mwanzo wa somo letu.

Adapta ya mtandao ni nini?

Adapta ya mtandao ni kifaa kinachoiwezesha kompyuta kupeleka na kupokea habari. Adapta nyingine hutumia waya. Hugeuza habari za kompyuta kuwa mapigo ya umeme yanayopita katika waya huo. Adapta nyingine hazitumii waya, bali hugeuza habari kuwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo husafiri hewani kwa mwendo wa karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, yakapokewa na kifaa kiitwacho ruta.

Mwaka 1973, nchini Marekani, Robert Metcalfe na wenzake katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox walianza kubuni njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya. Njia hiyo iliitwa Etheneti, nayo hutumika hadi leo.

Programu endeshi ni mkalimani

Adapta haielewi moja kwa moja amri za mfumo wa kompyuta. Katikati yao pana programu ndogo iitwayo programu endeshi. Kazi yake ni kama ya mkalimani: husikia amri ya mfumo, kisha huieleza adapta kwa lugha yake.

Kusasisha kompyuta ni kuiwekea programu mpya badala ya za zamani. Jambo hili ni jema, kwa sababu masasisho huziba mianya ambayo wezi wa habari huweza kuipitia. Lakini mara chache sasisho huweka programu endeshi isiyopatana na adapta. Hapo adapta ni nzima na mfumo ni mzima, ila mkalimani amekosea lugha.

Jaribio: Mkalimani aliyebadilishiwa lugha

Chagueni wanafunzi watatu. Wa kwanza awe mfumo, wa pili mkalimani, wa tatu adapta. Mkalimani na adapta wapewe karatasi yenye maneno haya: kofi moja ni "simama", makofi mawili ni "kaa". Mfumo aseme "simama" au "kaa". Mkalimani apige makofi, na adapta atende.

Sasa mwalimu ambadilishie mkalimani karatasi yake kwa siri. Kofi moja liwe "kaa", na makofi matatu yawe "simama". Karatasi ya adapta isibadilishwe. Rudieni jaribio. Je, adapta anatenda aliloamriwa? Je, ni mgonjwa? Mrudishieni mkalimani karatasi ya kwanza, kisha mwone matokeo.

Hatua za kutafuta kosa

Mwalimu wa Sayansi alibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila mara aliandika alichokiona. Ukibadili mambo mawili pamoja, hutajua ni lipi lililoleta nafuu.

Hatua ya 1. Alichunguza kama kosa liko nje ya kompyuta. Alichukua simu yake akaiunganisha na ruta ya shule. Simu ilipata mtandao. Hivyo ruta ilikuwa nzima, na kosa lilikuwa katika kompyuta. Kama simu nayo ingekosa mtandao, angeichunguza ruta kwanza.

Hatua ya 2. Alihakikisha kwamba adapta haikuzimwa. Kompyuta nyingi zina kitufe cha kuzima mawimbi yote, kitumikacho hasa ndani ya ndege. Kitufe hicho hakikuwa kimebonyezwa. Ikiwa kompyuta inatumia waya, chomoa waya uuchomeke tena. Mara nyingi kando ya tundu lake pana taa ndogo inayowaka waya unaposhika vizuri.

Hatua ya 3. Aliiwasha kompyuta upya. Usidhani kwamba kuzima na kuwasha upya ni mamoja. Baadhi ya kompyuta, zikizimwa, huhifadhi sehemu ya hali zilizokuwa nayo ili ziwake haraka kesho yake. Kosa nalo huweza kuhifadhiwa. Zikiamriwa kuwaka upya, huanza kila kitu tangu mwanzo. Hata hivyo, mtandao haukurudi.

Hatua ya 4. Alifungua orodha ya vifaa vya kompyuta, akalitafuta jina la adapta. Mambo matatu huweza kuonekana:

(a) Jina halipo kabisa. Maana yake, kompyuta haikioni kifaa. Kama adapta ni ya kuchomeka, jaribu tundu jingine. Kama imo ndani ya kompyuta, mwite fundi.

(b) Jina lipo bila alama yoyote. Basi tazama anwani ya kompyuta katika mtandao. Ikianza na 169.254, mara nyingi kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa kupewa na ruta. Zima ruta, uiwashe, kisha ujaribu tena.

(c) Jina lipo, lakini lina pembetatu ya manjano yenye alama ya mshangao. Kompyuta inakiona kifaa, ila haiwezi kukitumia ipasavyo. Aghalabu kosa ni la programu endeshi.

Mwalimu aliiona pembetatu ya manjano. Sasa alijua pa kushika.

Hatua ya 5. Alirudisha programu endeshi ya zamani. Kompyuta nyingi huihifadhi baada ya kusasishwa, ili iweze kurudishwa ikihitajika. Kama haikuhifadhiwa, programu inayofaa hutafutwa kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa adapta. Huweza kuletwa kwa flashi kutoka kompyuta nyingine. Pia simu huweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya wake ili iazime mtandao kwa muda.

Kompyuta iliwaka upya. Orodha ya mitandao ikajaa. Saa nane mchana majina yote ya watahiniwa yalikuwa yametumwa, na fedha za shule hazikutumika kununua kompyuta mpya.

Tahadhari

Usifungue kompyuta iliyounganishwa na umeme. Usishike nyaya za umeme kwa mikono yenye maji. Usiweke programu usiyojua ilikotoka. Usibadili chochote katika kompyuta bila ruhusa ya mwalimu wako.

Tulilojifunza

Kifaa kilichoacha kufanya kazi si lazima kiwe kimeharibika. Kwanza uliza ni nini kilichobadilika. Kisha chunguza hatua kwa hatua, ukianza na jambo lililo rahisi. Njia hii hufaa pia kwa redio, taa ya baiskeli, au pampu ya maji ya kijijini.

Mazoezi

1. Eleza kazi ya adapta ya mtandao.
2. Kwa nini programu endeshi hufananishwa na mkalimani?
3. Mwalimu alitambuaje kwamba kosa halikuwa katika ruta?
4. Kwa nini si vizuri kubadili mambo mawili kwa wakati mmoja?
5. Redio ya nyumbani kwenu imenyamaza baada ya kubadilishwa betri. Andika hatua tatu utakazofuata kutafuta kosa.