Miguu isiyotulia usiku: chanzo kiko kwenye ubongo

Usiku umeingia, watu wa nyumbani wamelala, lakini wewe miguu haikuachi. Si maumivu kamili, wala si ganzi: ni kama wadudu wanatembea ndani ya nyama. Ukiinuka na kutembea, inatulia. Ukirudi kitandani, inaanza tena.

Wengine wanasema ni uchovu wa shamba, wengine wanashuku uchawi. Ila waganga wa hospitali wanaujua ugonjwa huu tangu zamani. Mwingereza Thomas Willis aliuandika katika karne ya 17, na miaka ya 1940 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, akaupa jina la ugonjwa wa miguu isiyotulia.

Kwa wagonjwa wengi, miguu yenyewe ni mizima. Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kuongoza mienendo ya mwili, na ili kazi hiyo iende vizuri unahitaji madini ya chuma. Uchunguzi umeonyesha kwamba wagonjwa wengi wana chuma kidogo kwenye ubongo, hata pale damu yao inapoonekana nzuri. Tena, kazi ya dopamini hubadilika kati ya mchana na usiku. Inadhaniwa ndiyo sababu taabu huzidi jioni. Ugonjwa huu pia hurithiwa katika familia.

Wanaoupata zaidi ni wenye upungufu wa damu, wagonjwa wa figo na wanawake wajawazito, hasa miezi 3 ya mwisho. Kwa akina mama wengi huisha baada ya kuzaa. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu na kumaliza chuma mwilini.

Ufanye nini? Mwombe daktari apime ferritini, yaani akiba ya chuma, si wingi wa damu tu. Usijinunulie vidonge vya chuma bila kipimo, maana chuma kikizidi huharibu maini. Mweleze pia dawa unazokunywa: baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, za aleji na za huzuni huzidisha hali.

Nyumbani, kula nyama, sambaza na maharagi, ukikamulia ndimu. Chai na kahawa usinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Jioni, punguza kahawa na pombe, nyoosha miguu na kuikanda kabla ya kulala.