Dhima ya Wiki katika Kuhifadhi Maelezo ya Programu za Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii inawasadifu waundaji wa programu za tarakilishi kuliko wengi wao wanavyokiri. Msimbo, yaani maagizo ambayo mwanaprogramu huiandikia mashine, huonyesha jambo linalotendwa. Aghalabu hausemi ni kwa nini njia hiyo ilichaguliwa na nyingine ikaachwa. Aliyeuandika akiondoka, sababu huondoka naye.

Mnamo 1995, Mmarekani Ward Cunningham alianzisha tovuti ambamo wanaprogramu waliweza kuandika tajriba zao na kusahihishana papo hapo. Aliiita WikiWikiWeb, kutokana na neno la Kihawaii lenye maana ya 'haraka'. (Msomaji asilihusishe na wiki yetu ya siku saba!) Katika wiki, wasomaji wa kurasa ndio waandishi wake. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe na utambulisho wa aliyelifanya, na nakala ya awali huweza kurejeshwa.

Tuchukue mfano wa MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Miongozo ya programu hii imeandikwa katika wiki inayoendeshwa na programu iyo hiyo. Linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha, hata hivyo, ni wiki nyingine, translatewiki.net, ambako matini za programu hiyo hufasiriwa. Humo, kila ujumbe una maelezo yake, nayo yamepewa msimbo wa qqq, kana kwamba ni lugha inayojitegemea.

Umuhimu wa maelezo hayo unadhihirika mfasiri anapokutana na ujumbe wa Kiingereza unaoarifu kwamba kitu fulani kimefutwa, na mahali pa jina la kitu hicho pana alama ya $1 tu. Kitenzi cha Kiingereza hakijali ngeli. Mswahili atasemaje: umefutwa, imefutwa, limefutwa au kimefutwa? Akibahatisha, msomaji atapata sentensi isiyo na upatanisho wa kisarufi, kisha alaumiwe Kiswahili kwamba hakiiwezi teknolojia! Maelezo yakimweleza kwamba $1 ni jina la ukurasa, ataandika: Ukurasa "$1" umefutwa. Nomino imetajwa, nayo imeleta ngeli yake.

Si kwamba wiki haina dosari. Palipo na ruhusa ya kila mtu kuandika, kila mtu huweza kumtegea mwenzake. Msimbo hubadilishwa, ukurasa ukasahaulika. Na maelezo yaliyopitwa na wakati humpotosha mfasiri kwa ujasiri ambao ukimya hauna. Ndiyo sababu katika MediaWiki mwanaprogramu anayeongeza ujumbe mpya hutakiwa kuongeza na maelezo ya qqq katika badiliko lilo hilo, wala asingoje mwingine aje kuyaandika.

Maelezo yasipotosheleza, mfasiri huuliza. Swali la mfasiri wa Kiswahili kuhusu $1 likijibiwa na jibu likaingizwa katika maelezo, mfasiri wa Kizulu au wa Kiganda, ambaye naye ana ngeli za kupatanisha, hulikuta likimsubiri.