Saa Tano za Sukari

Kila msimu wa mafua ujumbe uleule huzunguka kwenye simu: ukila sukari, kinga ya mwili inalala kwa saa tano, hivyo mgonjwa anyimwe chai ya sukari, atiliwe asali.

Hizo saa tano zina chimbuko. Mwaka 1973 watafiti wa Loma Linda, California, waliwalisha watu gramu 100 za sukari kwa mpigo, kisha wakawatoa damu kwa vipindi. Damu ikachanganywa na bakteria, ikawekwa chini ya darubini, wakahesabu bakteria waliomezwa na nyutrofili, seli nyeupe ambazo ni za mwanzo kufika penye maambukizi. Waliomezwa walipungua, hasa kati ya saa ya kwanza na ya pili. Saa ya tano hesabu ilikuwa bado haijapanda kufikia ile ya kabla ya kula.

Wasambazaji huishia hapo. Gramu 100 ni takriban vijiko 25 vya chai, na sijui nani anakunywa kikombe cha namna hiyo. Asali nayo ilijaribiwa, na juisi ya machungwa pia, zote zikashusha hesabu vilevile. Kwa hiyo anayeutegemea utafiti huu kuisifia asali anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Tena waliofunga saa 36 au 60 seli zao zilimeza zaidi. Mbona hakuna anayesambaza kwamba mgonjwa ashinde na njaa siku mbili?

Isitoshe, kilichopimwa ni seli kwenye kioo. Swali la nani aliugua baadaye halikuwa sehemu ya jaribio.

Sukari inayoidhoofisha kinga kweli ni ile inayokaa juu kwenye damu miezi na miaka, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Nyutrofili zake huzubaa, kidonda cha mguu hakifungi, na uwezekano wa kuugua kifua kikuu huwa mara mbili hadi tatu ya wa mtu mwingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mgonjwa wa kifua kikuu apimwe na kisukari.

Shirika hilohilo, mwaka 2015, lilitaka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Hoja zake zilikuwa unene na meno kuoza.